Mwaka wa Kuandika Marehemu

Rafiki yangu Melab alipokuja kunitembelea mwezi uliopita, baada ya miaka mingi ya kusalimiana kwa simu tu, alikula akashiba, akaisukuma sahani, akaniuliza, "Wewe bado unaogopanga mtu akibisha mlango?" Nikacheka. Kicheko kilikuwa hakijaisha mtu alipobisha. Alikuwa mama anayeniletea maziwa, yule yule wa kila asubuhi, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na Melab alikuwa ameniona. Alinyanyuka akafungua mlango mwenyewe, akapokea maziwa, akarudi akayaweka mezani kama mtu aliyezoea kunifungulia milango. Na ndivyo ilivyokuwa zamani. Mwaka mzima tulioishi pamoja Shirere, mtaa wa mji wa Kakamega, yeye ndiye aliyekuwa akifungua.

Tangu aende nimekuwa nikiufikiria mwaka huo kuliko ninavyopenda. Ya wazazi wangu na kijiji nilikotoka sitayagusa hapa. Yana mahali pake. Ninachotaka kusimulia ni chumba kimoja, duka moja, na mzee mmoja aliyeitwa Hezron, na jinsi nilivyopata kazi ya kulipwa kwa kuandika, kazi niliyoililia kwa Mungu kisha ikanifanya nikiogope hata kivuli changu. Vijana huniuliza nilianzaje uandishi. Huwapa jibu fupi la kuwafurahisha, kwamba nilianza na makala ndogondogo. Jibu la kweli ni refu, na si la kufurahisha sana.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye ploti iliyojaa wanafunzi wa chuo kikuu. Kuta zake hazikufika kwenye mabati; mwenye nyumba alizikomesha chini kidogo ili kuokoa matofali, basi kila neno lililosemwa upande wa pili lilipanda likaturukia. Tulijua nani amekosana na nani, nani anaunguza maharagwe, nani anamwomba Mungu kwa machozi na anaomba nini. Melab alikuwa bado akisomea uuguzi. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada yangu, na shahada yenyewe ilikuwa imelala chini ya godoro ndani ya bahasha, isipate vumbi. Tulikula ugali kwa mrenda, na mrenda ulipokosekana tulikula ugali kwa parachichi, tukijiambia kwamba watu wa miji mikubwa wanalipia parachichi pesa nyingi sana, kwa hiyo sisi tunakula vya matajiri.

Kazi ya mtandao niliijua kupitia lile pengo la ukuta. Jirani yetu, kijana mmoja mpole asiyeonekana nje ila akienda msalani, alikuwa akizungumza na wenzake kuhusu kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za shule. Nikasikiliza wiki nzima nikiwa nimejilaza kitandani na daftari. Mwishowe nikaenda kubisha kwake, nikakodishwa akaunti iliyokuwa na jina na picha ya mzungu mmoja wa kike mwenye meno mazuri. Nikawa mzungu. Niliandika kuhusu vita vya watu nisiowajua na magonjwa ya mbwa wa kufugwa ndani ya nyumba, na kila mteja alipotuma ujumbe niliogopa kuufungua, kwa sababu nilijua iko siku mmoja wao atataka kunipigia anisikie sauti. Nilifanya mazoezi ya kukohoa ili nijifanye mgonjwa. Mteja hakupiga. Akaunti ndiyo iliyofungwa, asubuhi moja bila maelezo, pamoja na malipo yote yaliyokuwa ndani, na jirani naye akahama bila kuaga. Nilikaa kitandani nikiangalia simu, nikahisi hofu ambayo sikuwahi kuihisi hata wakati wa mitihani. Hofu ya mtihani huisha mtihani ukiisha. Hii haikuonyesha dalili ya kwenda popote.

Nikaanza kutembea mjini kutafuta anayelipa mtu kuandika. Nilipeleka makala kwa wahariri, hawakujibu. Nilikwenda ofisi za kaunti nikasema ninaweza kuandika hotuba. Karani akaniangalia viatu, akasema acha namba tutakupigia. Kanisa moja lilitaka historia ya miaka yake yote na likaahidi kunilipa kwa maombi. Melab alinicheka, akasema nikubali, kwa jinsi hali ilivyokuwa maombi nayo yangetufaa. Alikuwa akinitania ili nisilie, na mara nyingi ilifaulu.

Duka la Bwana Ashiundu lilikuwa karibu na stendi, katikati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo. Ilikuwa saiba ya kawaida, ya intaneti na uchapaji, kompyuta chache zenye kelele na mashine kubwa ya kuchapisha ambayo Bwana Ashiundu aliisemesha kwa adabu kama mama mkwe. Mimi niliingia kuchapisha barua ya kuomba kazi. Kwenye benchi palikuwa na familia moja iliyofiwa na mama yao, kaka na dada watu wazima, wakijaribu kumweleza Bwana Ashiundu maisha ya marehemu ili ayachape kwenye programu ya mazishi. Kila mmoja alianza mahali pake. Mmoja alianzia ubatizo, mwingine ugonjwa wa miguu, na wa tatu alikuwa amegoma kusema. Bwana Ashiundu alikuwa akichapa kila kitu kama kilivyomwagika. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilivuta kiti, nikamwuliza yule aliyegoma mama yake alipenda kupika nini. Akasema. Halafu hakunyamaza tena. Nilipowasomea nilichoandika walilia wote, na kaka mkubwa akatoa pochi bila kuombwa.

"Dada," Bwana Ashiundu akaniambia walipotoka, "hii kazi umekuwa ukiitafutanga wapi na iko hapa?"

Kwa wasiojua kwetu, mazishi huwa Jumamosi, na marehemu hazikwi bila kusomwa. Wasifu wake huchapwa kwenye kijitabu chenye picha yake, watu hugawiwa, na mmoja wa jamaa husimama kando ya jeneza akausoma wote, tangu kuzaliwa hadi pumzi ya mwisho. Familia zilikuja kwetu mwanzoni mwa wiki, nikaandika, nikaenda nyumbani kwao kuisoma rasimu mbele ya kamati ya mazishi, wakirekebisha tunarekebisha, na Ijumaa vijitabu vinatoka. Bwana Ashiundu alinipa kanuni moja tu, akaniambia nikiivunja nitamfungia duka. "Sisi hatuandikangi vile ilikuwa. Tunaandikanga vile wamekubaliana." Nilidhani anatania. Sikujua bado kwamba kile kijitabu hakizikwi na mwenyewe. Hubaki. Hupelekwa kwa chifu, anapoandika barua ya kuwataja warithi, na nimeona kikitolewa hata mbele ya hakimu, kimekunjwa na kuchakaa, ili mtu aonyeshe kwamba jina lake lilisomwa kaburini na hakuna aliyepinga. Ambaye hakusomwa ana kazi ngumu sana ya kueleza yeye ni nani.

Kwa miezi michache nilikuwa na furaha. Nilinunua samaki wa omena, nikanunua viatu. Kisha Jumanne moja akaingia Mzee Hezron.

Alikuwa mrefu, na koti lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Kaka yake mkubwa, Mzee Zablon, alikuwa amefariki: mtu wa miwa, mwenye lori, aliyekuwa na boma kubwa upande wa Malava. Hezron ndiye mwenyekiti wa kamati. Alikaa akanielekeza taratibu, kwa sauti ya chini, nami nikawa naandika. Tulipofika kwenye ndoa akasema, "Alioa mke mmoja, Mama Fridah. Weka nukta." Nikaweka. Alipoinuka akaitazama karatasi yangu, si mimi, akasema, "Kuna watu watakuja hapa na maneno. Wewe ni mtoto wa watu, unatafuta chakula. Usitafute ingine." Aliagana na Bwana Ashiundu kwa mkono, akaenda. Nikajiambia ni maneno ya mtu aliyefiwa.

Asubuhi iliyofuata alikuja mwanamke amefunga leso kiunoni na miguu imejaa udongo mwekundu wa njiani. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha. Jina lake lilikuwa Rispa. Alikuwa ametoka Buyangu, kule kando ya msitu, ambako Mzee Zablon alikuwa amenunua shamba akamjengea nyumba, akazaa naye watoto wawili. Hakulia wala hakunung'unika.

"Nimekuja kuona kama niko," akasema.

Nikaifunika karatasi kwa viganja. Alitazama mikono yangu, akajua.

"Mimi ndio nilimuosha hiyo miezi yote alikuwa mgonjwa," akasema. "Alikuwa kwangu. Hata gari ya mochari ilitokea kwangu. Sasa Hezron amekuja jana na watu wakapima shamba na kamba. Ameniambia nikizika nifungashe. Dada, mimi sitaki lori. Sitaki kitu ya Malava. Nataka tu watoto wangu wakue pahali wamezaliwa. Nikikosa kusomwa Jumamosi, Jumatatu niko barabarani." Akaniuliza kama ninaweza kumwandika hata kwa herufi ndogo. Bwana Ashiundu alikuwa ameinamia mashine yake akijifanya inamsumbua. Nilimwambia Rispa kwamba rasimu itasomwa mbele ya kamati, na kamati ndiyo yenye neno. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetarajia hivyo. Akaenda, akaacha alama za udongo mwekundu kwenye sakafu, na sikuwa na nguvu za kuzifagia.

Mchana huo huo mtu wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya duka, akanitazama kupitia kioo bila kushuka, akaondoka. Nilipofika Shirere nikaikuta pikipiki nyingine, au ile ile, imesimama mwisho wa njia yetu. Labda ilikuwa inangoja mteja. Kakamega boda ziko kila mahali, na zote hufanana kwa mtu mwenye hofu. Nilijifungia ndani nikamweleza Melab kila kitu kwa sauti ya kunong'ona, kwa sababu ya lile pengo. Alinisikiliza akimenya viazi. "Andika vile huyo mzee amesema," akasema. "Wewe si chifu." Akamenya kidogo, kisha akasema, "Lakini huyo mama atalala wapi?" Nilimchukia kwa hilo swali la pili. Nilikuwa nimeshikilia lile la kwanza, na yeye akaninyang'anya.

Watu waliokuja kuijua hadithi hii baadaye walinisifu kwamba nilikuwa jasiri. Nataka niseme wazi, nikiwa na umri huu, kwamba nilichofanya kilitokana na woga mtupu. Nilikaa mbele ya ile rasimu nikajaribu kuandika mke mmoja, nikamwona Rispa na watoto barabarani, mkono ukagoma. Nikajaribu kuandika wake wawili, nikamwona Hezron, mkono ukagoma tena. Basi nikaiacha sehemu hiyo wazi. Niliandika "Mzee Zablon alioa," nikaruka mistari mitatu, nikaendelea na miwa yake na utumishi wake kanisani. Nilifikiri kwamba nikifika pale nitawaambia wajaze wenyewe, na atakayekasirika awakasirikie wao.

Alhamisi alasiri nilipanda boda hadi Malava. Boma lilijaa watu. Chini ya tenti akina mama walikuwa wakichambua mboga, na sebuleni viti vilikuwa vimepangwa kuzunguka ukuta, vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Hezron alikaa kwenye kiti cha marehemu. Ndugu zake wadogo wawili walikaa kila mmoja upande wake, na alipotikisa kichwa nao walitikisa. Alikuwepo liguru, yaani mzee wa kijiji anayemsaidia chifu, na pembeni, kwenye mkeka, Mama Fridah na nguo zake nyeusi, mwanamke mnene mwenye macho makavu. Rispa sikumwona. Kisha nikamsikia jikoni akiuliza chumvi iko wapi, na mtu hakumjibu.

Chakula kililetwa kabla ya kusoma, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Na hapo Hezron alifanya jambo ambalo bado linanisisimua mwili. Alichukua kijiko, akatafuta kwenye bakuli mpaka akaipata firigisi, ile tunayoiita imondo, akainyanyua kila mtu aione, akaiweka kwenye sahani yangu. "Mwandishi wetu akule," akasema. Kwetu imondo ni ya mwenye boma au mgeni mwanamume anayeheshimiwa sana. Bibi zetu hata kuku mwenyewe hawakuruhusiwa kumla. Kumpa msichana imondo, mbele ya wazee, ilikuwa kumtangazia kila mtu kwamba huyu ni wangu, tumeshapatana. Nikiila nimekubali. Nikiikataa nimemtukana mwenyekiti nyumbani kwa marehemu. Nilimega obusuma nikazungusha pembeni ya sahani, ile nyama ndogo ikinitazama.

"Soma tu," Hezron akasema. "Utakula ukimaliza."

Nikasimama nikasoma. Kuzaliwa, shule, kibarua cha kwanza cha kukata miwa, shamba la kwanza. Nilipofika pale nikasema, "Mzee Zablon alioa," nikanyamaza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwaomba wajaze, nayo yakanipotea yote. Jikoni nako wakaacha kuosha vyombo.

"Alioa nani?" liguru akauliza.

"Hapa sijaandika," nikasema. "Naomba familia iniambie."

Hezron akacheka kidogo. "Si nilikuambia?"

"Mimi hajaniambia," Mama Fridah akasema kutoka mkekani. Hakupaza sauti. Alinyanyuka kwa shida, akaja mpaka kwenye sahani yangu, akaichukua ile imondo kwa vidole, akairudisha kwenye bakuli. "Huyu mtoto amekuja kazi. Hajanunuliwa." Akamgeukia shemeji yake. "Hezron, Zablon alinikosea mimi. Hiyo ni yangu na yeye, na yeye amelala. Lakini nataka kuuliza. Siku ng'ombe za mahari yangu zililetwa kwa baba yangu, ni nani alikuwa huko na bado ako hai?"

Hezron akasema, "Ni mimi."

"Ni wewe peke yako. Na za Rispa, ni nani alizipeleka?"

Hezron akasogeza bakuli mbali naye. Mmoja wa wadogo zake akaangalia viatu vyake.

"Ni wewe," Mama Fridah akasema. "Sasa ukisema hukuona za huyu, kesho utasema hukuona zangu. Leo unafuta Buyangu. Kesho utafuta Malava, na mimi sina shahidi mwingine." Akarudi mkekani akakaa. "Mtoto, andika wawili. Mimi kwanza."

Liguru akasema ni sawa, wengine wakafuata, na mimi nikajaza ile nafasi palepale kwa kalamu huku nimesimama. Hezron hakubishana. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Alinisindikiza mpaka langoni kwa heshima zote, akanitafutia boda, akamlipa mwenye boda, kisha akamwambia mbele yangu mahali pa kunishusha. Alitaja ploti yetu ya Shirere, akataja hadi rangi ya lango. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale ninakoishi.

Ijumaa vijitabu vilitoka, Mama Fridah akatuma mtu kuvichukua. Sikuwa nikihudhuria mazishi ya watu niliowaandika, lakini Rispa alinipigia, akaniomba niwepo, akasema hana mtu wa upande wake. Melab akasema hataniacha niende peke yangu. Tulikaa nyuma kabisa, kwenye tenti la akina mama wa kanisa la marehemu, tukiwa tumeziinamisha nyuso. Kijitabu changu kilikuwa mikononi mwa kila mtu pale. Ndipo Melab akanigusa kwenye ubavu. Mbele, kwenye tenti la wageni wa heshima, walikuwa wameshika vijitabu vya rangi nyingine. Hezron alikuwa amechapisha vyake mahali pengine, na kimoja kilikuwa mkononi mwa mwalimu aliyechaguliwa kusoma, mpwa wa Hezron. Nikataka kuondoka. Melab akanivuta nikae.

Mwalimu alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Na wale akina mama, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kanisani msomaji anaposoma Neno, walimfuata kwa vidole, mstari kwa mstari, wakitikisa midomo. Nilitazama vidole vikishuka kwenye karatasi zangu. Akafika pale. "Mzee Zablon alimwoa Mama Fridah," akasema, akaendelea, "na alikuwa mkulima hodari."

Vidole vikasimama.

"Mwalimu," bibi mmoja mbele yangu akaita, bila hasira, kwa sauti ile ya kumsaidia mtoto aliyekosea kusoma. "Umeruka."

Mwalimu akaomba radhi, akarudi nyuma, akasoma tena kama mwanzo.

"Umeruka tena," mwingine akasema, na sasa zilikuwa sauti nyingi, kila mama akimwonyesha jirani yake mahali kidole kilipo. "Rudi, iko mama mwingine hapo. Soma yote." Hawakuwa na habari ya ugomvi wowote. Walichojua ni kwamba maandiko hayarukwi. Mwalimu aliigeuza karatasi yake, akatazama nyuma yake, akamtazama Hezron. Chifu akanyoosha shingo. Na Mama Fridah akainuka kando ya jeneza, akatembea mbele ya watu wote, akampa mwalimu kijitabu chake, akarudi kukaa. Mwalimu akasoma. Jina la Rispa likatoka kwenye vipaza sauti, na majina ya watoto wake, na akina mama wakaitikia kwa kuridhika na kuendelea kushusha vidole. Nilipoinua uso, Hezron alikuwa amegeuka kwenye kiti, akitafuta kwenye tenti letu, mpaka aliponipata.

Rispa alibaki Buyangu. Anaishi huko hadi leo, watoto wake wamekuwa wakubwa. Lakini mimi sikupata usingizi wa maana kwa miezi iliyobaki. Kila aliyebisha alikuwa Hezron. Nilibadilisha njia za kurudi nyumbani, nikaacha kununua mboga kwa mama niliyemzoea, nikamkabidhi Melab mlango. Kazi, kwa kinyume, iliongezeka. Watu waliuliza dukani yuko wapi yule msichana anaandikanga watu wote, na kila aliyenisifu hivyo aliniongezea hofu. Sasa nikiwa mtu mzima najua kwamba hofu ile ilikuwa sehemu ya malipo ya kazi yenyewe. Wakati huo nilidhani ni ugonjwa.

Hezron alikuja mwisho wa mwaka, asubuhi, duka likiwa ndio kwanza limefunguliwa. Bwana Ashiundu alipomwona akakumbuka kwamba ameishiwa na karatasi, akatoka kuzinunua. Nikabaki na Hezron. Koti lilikuwa lile lile, lakini sasa lilimpwaya. Alivuta kiti cha wateja akakaa, akapumzika kwanza kama mtu aliyepanda mlima.

"Nataka kuandikiwa mtu," akasema.

Nilijilazimisha kumwuliza ni nani aliyefariki.

"Hajafa bado. Ni mimi." Alipangusa uso kwa leso. "Daktari ameniambia mambo yangu. Sasa sikiza. Ile siku wamama walisema umeruka, nilikuangalia wewe, nikakasirika sana. Halafu nikaangalia wadogo zangu. Walikuwa wananiangalia mimi. Wamejifunza kila kitu kwangu, hao." Akaikunja leso. "Niko na mama mwingine huko Mumias, na msichana wangu. Ng'ombe nilipeleka peke yangu, hakuna mtu wa kwetu anamjua. Nikienda, watasema hawajawahi kumuona, na hawatakuwa wanadanganya."

Nilichukua kalamu. Nilikuwa naogopa bado. Nikamwuliza huyo mama anaitwa nani. Akautazama mlango, akautazama tena, akainama mbele akanitajia jina kwa mnong'ono.

Nikamwomba alirudie kwa sauti, niliandike sawasawa.